Fundi Anajibu: Kabla ya Kununua Spea, Iulize Injini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kazi tofauti, kuanzia mwenye gari la biashara hadi mzee mwenye mashine ya kusaga, lakini karibu zote zinasimulia mkasa wa aina moja: chombo kilianza kusumbua, kifaa kikabadilishwa, tatizo likabaki palepale, kikabadilishwa kifaa kingine. Naomba kwanza tukumbushane injini inavyofanya kazi, kwa maana majibu yote yanategemea hapo.

Injini ya petroli huvuta hewa na mafuta, huubana mchanganyiko huo, huuwasha kwa cheche ya plagi, kisha huutoa moshi. Pistoni hufanya safari nne, mbili za kushuka na mbili za kupanda, ili kukamilisha kazi hiyo, na katika muda huo krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) huzunguka mara mbili. Ndio mpango ambao Nikolaus Otto aliufanikisha Ujerumani mwaka 1876, na haujabadilika kimsingi. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwasha kila silinda mara 25 kwa sekunde. Kwa hiyo inahitaji hewa, mafuta, mgandamizo (mafundi husema kompresheni) na cheche, kila kimoja kwa wakati wake, na inahitaji pia maji ya kuipoza na oili ya kuilainisha. Injini ikisumbua, kimojawapo kati ya hivyo kimepungua au kimezidi, na karibu kila mara injini yenyewe hutoa dalili ya kukitaja.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la petroli la viti saba ninalobebea bidhaa kati ya Morogoro na Iringa. Mjini halina tatizo, hata kwenye foleni, lakini nikianza kupanda Kitonga mshale wa joto unapanda na maji yanafurika kwenye chupa ya akiba. Fundi wa kwanza aling'oa themostati akasema huku kwetu kwenye joto haihitajiki. Wa pili alibadilisha feni. Bado linachemsha, na siku hizi linakula petroli kuliko zamani. – Mfanyabiashara, Morogoro

JIBU: Marahaba. Maneno yako kwamba mjini halina tatizo yana thamani kuliko vifaa vyote viwili vilivyoshughulikiwa. Kazi ya feni ni kuvuta hewa ipite kwenye rejeta (kile kipozea maji ya injini) wakati gari limesimama au linakwenda polepole; likishika mwendo, upepo huingia wenyewe. Gari lenye feni mbovu lingekuchemkia kwenye foleni ya Msamvu kabla hujaiona hiyo Kitonga. Ni kweli kwamba mlimani hupo nyuma ya malori kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na feni inahitajika huko pia, lakini gari linalovumilia foleni ya mchana na kushindwa linapobeba mzigo kupanda linakwambia jambo jingine: joto linazalishwa kwa wingi kuliko maji yanavyoweza kulichukua na kulitupa nje.

Tuanze na themostati, maana hapo umeharibiwa kwa nia njema. Ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Maji yakiwa baridi mlango hufungwa ili injini ipate moto haraka. Yakifika nyuzijoto kati ya 80 na 90, kutegemea gari, nta hutanuka na kuusukuma mlango ufunguke. Ukiing'oa, kwenye tambarare injini hubaki na ubaridi kupita kiasi, kompyuta ya gari hudhani bado ni asubuhi, na huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya kwa injini iliyowashwa sasa hivi. Petroli yako inakwenda huko. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta; ikiwa haipo, njia hiyo hubaki wazi, na mlimani sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka bila kupoa. Wanaosema kwamba themostati ni ya nchi za baridi tu nimewasikia tangu nikiwa mwanafunzi gereji, na hadi leo sijamwona hata mmoja aliyepima.

Nunua nyingine, na kabla ya kuifunga ipime nyumbani. Ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka sufuria jikoni. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, kabla hayajachemka, utaiona ikifunguka taratibu kama mdomo wa chaza. Ikikaa imefungwa hadi maji yanarukaruka, irudishe dukani.

Kifaa cha pili ni kile ambacho hakuna aliyekitaja: mfuniko wa rejeta. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, siyo 100. Mfuniko wenye alama ya 0.9 au 1.1 huyafunga maji kwa shinikizo, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka karibu na 120. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, maji huchemka mapema na kufurikia kwenye chupa ya akiba, kama unavyoeleza. Niliwahi kumfungia mteja pampu ya maji mpya na kumtoza fedha yake, akarudi wiki iliyofuata akichemsha vilevile, kumbe tatizo lilikuwa mfuniko uliopasuka mpira. Nilimrudishia gharama ya ufundi, na tangu siku hiyo mfuniko ndio ninaoutazama kwanza.

Tatu ni rejeta yenyewe. Endesha gari lipate moto, zima, toa ufunguo, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukijihadhari na feni, kwani nyingine huwaka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Sehemu yenye ubaridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani kama ule wa birika, na ndiyo maana kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa kwa nusu na maji safi ni nafuu kuliko rejeta mpya. Tazama na nje: matope, nyasi na wadudu walioganda huondolewa kwa maji yanayorushwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, siyo kwa kuwasukumia ndani zaidi.

Sasa habari ngumu kidogo. Gari lililochemka mara nyingi linaweza kuwa limepinda hedi (kifuniko kizito cha juu ya silinda) au kuunguza gasketi yake, yaani kizibo kilicho kati ya hedi na silinda, na hapo hakuna mfuniko utakaolitibu. Fanya kipimo hiki asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa: fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, mwambie mtu awashe. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imejificha. Vikiendelea kutoka mfululizo, na vikiongezeka kila anapokanyaga mafuta, hiyo ni hewa ya silinda inayopenya kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Ukiikuta rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee, na kijiti ni safi, usiogope mara moja: gari linalotembea safari fupi, hasa lisilo na themostati, hukusanya mvuke hapo. Hedi ikifunguliwa, sharti ipimwe kwa rula ya chuma na kusawazishwa kwenye karakana ya mashine kabla ya kufungwa gasketi mpya. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni safari ya kurudi gereji.

Na likichemka tena mlimani, egesha, zima kiyoyozi, acha injini ipoe bila kugusa mfuniko. Maji yaliyo chini ya shinikizo yakifunguliwa hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na nimeona nyuso zilizoungua. Wala usimwagie injini maji baridi. Hedi ya aluminiamu iliyo moto haiwezi kustahimili hilo.

SWALI: Mwanangu fundi, nina mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Tangu mavuno yaanze inatoa moshi mweusi mzito na inaelemewa ninapoongeza mahindi. Kijana anayeitengeneza anataka ninunue pampu mpya ya dizeli, na bei yake inanitisha. – Mzee mwenye mashine, Kondoa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usinunue pampu bado. Injini ya dizeli haina plagi. Hubana hewa peke yake kwa nguvu hadi hewa hiyo inapata moto wa kutosha kuiwasha dizeli mara tu inaponyunyizwa, na ndivyo Rudolf Diesel alivyoifanya injini yake ifanye kazi mjini Augsburg mwaka 1897. Moshi mweusi ni masizi, yaani dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Basi ama dizeli imezidi, ama hewa imepungua, na kwa kuwa kuichunguza hewa hakukugharimu hata shilingi, tuanzie huko.

Wewe mwenyewe umesema tatizo lilianza na mavuno, yaani wakati mashine inasaga kutwa nzima na chumba kimejaa vumbi la unga na pumba. Injini yako inavuta vumbi hilo. Ikiwa ina chujio la hewa la kuogea oili, ile bakuli iliyo chini yake, ifungue: nadhani utakuta oili imekuwa uji. Imwage, safisha wavu wake kwa dizeli, uache ukauke, kisha tia oili safi hadi kwenye alama na usizidishe, kwa sababu injini ya dizeli ikiifyonza oili hiyo inaweza kuongeza mwendo yenyewe na kukataa kuzimika. Ikiwa chujio ni la karatasi, badilisha. Chungulia pia bomba la moshi, maana masizi yakijaa humo moshi hautoki na hewa mpya haiingii. Kisha tazama kinu chenyewe: nyundo zilizolika au chekeche lililoziba huifanya injini ibebe mzigo ambao si wake, na moshi ukawa mweusi bila injini kuwa na kosa lolote.

Moshi ukiendelea baada ya hayo, peleka nozeli kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Nozeli nzima hutoa dizeli kama ukungu. Iliyochakaa hudondosha matone. Mkataze yule kijana kuijaribu kwa kuishika mkononi, kwani dizeli inayotoka hapo ina nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake huonekana dogo huku likiharibu mkono ndani. Pampu ndiyo ya mwisho kushukiwa. Na kwa msimu ujao, ongeza bomba pana la kuvutia hewa litokeze nje ya chumba.

SWALI: Fundi, shikamoo. Pikipiki yangu ya 125 huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi. Baada ya kubeba abiria kadhaa, nikiizima haiwaki tena mpaka ipoe. Nimebadilisha plagi mara tatu na koili (ile inayoipa plagi umeme) mara moja, na wenzangu stejini wanasema ni mafuta yaliyochanganywa. – Mwendesha bodaboda, Kisumu

JIBU: Marahaba kijana. Wenzako wana sababu ya kushuku, kwa sababu kuchanganya mafuta ya taa ni mchezo wa zamani, na ndiyo maana mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida. Lakini mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi yakiwa baridi. Yangekuwa ndiyo tatizo, asubuhi ndiyo ungetoka jasho. Yako ni kinyume.

Siku ikikataa kuwaka, fanya mambo mawili papo hapo, kabla haijapoa. Chomoa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, piga kiki: kukiwa na cheche ya buluu inayosikika, umeme upo. Kisha rudisha plagi na upige kiki ukisikiliza mguu wako. Ikiwa kiki imekuwa nyepesi kuliko ya asubuhi, kompresheni inavuja, na mimi ningeweka dau kwenye tapeti zilizobana, yaani vile vipande vinavyosukuma valvu, milango ya silinda, zifunguke. Valvu ikipata moto hurefuka. Kati yake na tapeti huachwa nafasi ndogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa pikipiki nyingi za aina yako, ili irefuke bila kuguswa. Kila siku ya kazi valvu huzama kidogo kwenye kiti chake na nafasi hiyo hupungua. Ikiisha, valvu ya moto haifungi tena, na mgandamizo unatoroka. Ikipoa hujifunga, nawe unadhani koili imepona. Tapeti husetiwa injini ikiwa baridi, alama ya T (inayoonyesha pistoni iko juu kabisa) ikiwa mahali pake na valvu zote mbili zimefungwa, kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), siyo kwa kukadiria kwa kidole. Ukikosa cheche wakati kiki ni nzito, basi shuku koili ya ndani au kile kisanduku cha sidiai kinachopanga wakati wa cheche, ambavyo navyo huchoka vikipata joto.

SWALI: Fundi, gari langu hutoa moshi wa buluu. Gereji moja wanasema ni ringi na injini ifunguliwe yote, nyingine wanasema ni sili za valvu. Nimwamini nani? – Mwalimu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, usimwamini yeyote kati yao hadi ujue moshi unatoka saa ngapi. Buluu ni oili inayoungua, hilo wamekubaliana. Gari likilala usiku kucha, oili hudondoka polepole kupitia sili (vizibo vya mpira vya valvu) zilizokauka na kukusanyika juu ya valvu, hivyo asubuhi utapata wingu moja kubwa kisha litatoweka. Hutokea pia ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha ukakanyaga tena. Huo ni moshi wa sili, na katika injini nyingi sili hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi unaokufuata wakati wote unapokanyaga mafuta, ukiambatana na injini kupumua kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili, ni wa ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni.

Shahidi wa kukata shauri ni kipimo cha kompresheni. Fundi apime silinda zote, aandike namba, kisha atie kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu na kuipima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi. Ikibaki palepale, ringi hazina hatia na uvujaji uko juu, kwenye valvu au gasketi. Omba uone namba hizo kwa macho yako. Fundi asiye na kifaa hicho asifungue injini yako. Na ule moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaopotea gari likipata moto usikusumbue, ni mvuke tu: kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji.

SWALI: Je, ni lazima kuliacha gari liungurume dakika kumi kila asubuhi kabla ya kuondoka? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Nusu dakika inatosha oili kupanda hadi juu, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana kwa kilomita chache za mwanzo. Injini hupata moto haraka zaidi ikifanya kazi kuliko ikiwa imesimama.

SWALI: Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi na gari likaanza kumisi. Fundi alichomeka kompyuta, taa ikazimika, nikalipa. Siku mbili baadaye imerudi. Safari hii nimeandika alichosoma: P0301. Anasema ninunue koili zote nne. – Msomaji, Arusha

JIBU: Ulilipia kufuta ujumbe, ndugu yangu, siyo kutengeneza gari. P0301 maana yake ni kwamba silinda namba moja haiwaki ipasavyo. Haisemi kwa nini, na haitaji koili popote. Mwambie fundi achukue koili ya silinda ya kwanza aihamishie ya pili, na ya pili ailete ya kwanza, afute kumbukumbu, kisha mwendeshe hadi gari limisi tena. Msomapo mara ya pili, kukitokea P0302, kosa limehama pamoja na koili. Nunua hiyo moja. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Fanyeni vivyo hivyo kwa plagi, na mtazame rangi yake: kahawia hafifu au kijivu ni njema, nyeusi kavu ni petroli iliyozidi, nyeusi yenye unyevu wa mafuta ni oili inayopenya. Baada ya hapo inafuata nozeli ya silinda hiyo, na mwisho kompresheni.

Wakati huo wote angalia taa inavyowaka. Ikitulia bila kumweka, unaweza kufika gereji kwa mwendo wa kawaida. Ikianza kumweka na kuzimika, punguza mafuta na utafute mahali pa kuegesha, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kisafisha moshi kilicho chini ya gari, nacho kikishayeyuka ndani bei yake itazifanya hizo koili nne zionekane rahisi.